Kibali cha Kusafirisha Mto

Ukinunua ndama sokoni Chwele na unataka kumpelekea shemeji yako wa Kapenguria, huwezi kumpakia kwenye pikapu ukaondoka tu. Daktari wa mifugo atamtaka mbele yake. Ataandika rangi yake, jinsia yake, alama zake, anatoka wapi, anakwenda wapi, lini na kwa gari gani. Daktari wa kaunti ya kule anakokwenda naye ataandika kwamba hana pingamizi. Ukikutana na polisi njiani bila karatasi hiyo, mtarudishwa wewe na ndama wako, na kama jua limekwisha kutua mtalala pamoja.

Mto hauulizwi hata jina. Huingizwa kwenye bomba upande mmoja wa kilima, hutokea upande wa pili, na asubuhi yake hakuna mtu kule chini anayeweza kusema uliondoka saa ngapi wala ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuyatoa maji katika bonde la mto mmoja na kuyapeleka katika bonde la mto mwingine: wizara, kaunti, shirika la maji, mkandarasi, padri mwenye mradi, mkulima mwenye jembe na usiku mrefu mbele yake. Sikukatazi. Miji ina kiu, na kiu haina subira. Ninachoomba ni kwamba uujazie mto wako fomu ile ile ya ndama, na usiache nafasi hata moja. Nimeweka daftari la watumiaji maji wa kijito chetu hapa Lugulu kwa miaka mingi, na naamini kwa moyo wote kwamba fomu ya ndama inatosha.

Panda kilima kwanza

Kabla ya kushika penseli, panda kilima. Lugulu maana yake ni hiyo hiyo, kilima, na Wabukusu huuita Mlima Elgon Lukulu lwa Masaba. Mgongo wa kilima ndio mpaka wa maji. Tone likianguka hatua moja upande huu ni la mto huu. Likianguka hatua moja upande ule lina mto mwingine, ziwa lingine, na watu wengine wanaolingoja. Mpaka wa kaunti wabunge wanaweza kuusogeza. Huu wa mgongo wa kilima hausogei kwa kura.

Simama Lugulu asubuhi isiyo na mawingu, utazame kaskazini-magharibi. Mlima ule unaouona unagawa maji mara tatu. Koitobos, Kibisi, Kuywa na wenzao hushukia Nzoia, na Nzoia huingia Ziwa Victoria kule Budalang'i. Lwakhakha na Malakisi huchukua njia ya Malaba, huvuka kwenda Uganda na kuwa Mpologoma, kisha humwagika Ziwa Kyoga. Suam huanzia ndani ya kinywa cha mlima, huelekea kaskazini, hubadilisha jina kuwa Turkwel, hujaza bwawa lililomalizika mwaka 1991, na huishia Ziwa Turkana, ziwa ambalo halina mlango wa kutokea. Maji ya Nzoia na ya Malaba huonana tena, kwa sababu Naili ikitoka Victoria hupitia Kyoga. Ya Suam hayaonani nayo tena.

Sasa tuseme mkulima wa Endebess anachimba mfereji, upana wake kama karai, kutoka kijito cha upande wa Suam, akauvusha mgongo kidogo tu hadi shamba lake lililo upande wa Koitobos. Mahindi yatastawi. Lakini maji yaliyokuwa yakielekea kwa wafugaji wa Turkana, yale yatakayobaki baada ya mahindi kunywa, sasa yanaelekea bahari ya Mediterania. Yeye hajui. Jembe lake halijui. Fomu ndiyo inayotakiwa kujua, na ndiyo maana nasema panda kilima kwanza: maji mengi yaliyohamishwa duniani yasingekosa kuandikwa kama aliyeyahamisha angejua kwamba amevuka kitu.

Anatoka wapi

Hapa andika kwa herufi za kusomeka. Mito yetu ina tabia ya kubadilisha majina kama mtu anayekwepa deni. Athi huwa Galana, Galana huwa Sabaki. Moiben hupotelea ndani ya Nzoia. Kenya ina Ewaso Ng'iro mbili, moja ya kaskazini na moja ya kusini, na ukiandika "Ewaso Ng'iro" bila kuongeza neno, maji yako yanaweza kuhesabiwa upande wa pili wa nchi. Kisha kuna tahajia. Niliwahi kufunguliwa faili katika ofisi moja, nikakuta mto mmoja umeandikwa kwa namna tatu katika kurasa tatu, na kompyuta, ambayo haina jirani wa kumuuliza, ilikuwa imeufanya mito mitatu. Kila mmoja ulikuwa na nafasi yake ya kugawa maji. Mto halisi ulikuwa mmoja, na kiangazi unauvuka bila kukunja suruali.

Kwa hiyo, pamoja na jina, andika namba. Nchi yetu iligawanywa zamani katika maeneo matano ya mito: 1 ni Ziwa Victoria, 2 ni Bonde la Ufa, 3 ni Athi, 4 ni Tana, 5 ni Ewaso Ng'iro Kaskazini. Kila kituo cha kupimia mto huanza na tarakimu hiyo, zikifuata herufi. Nzoia pale Webuye ni 1DA02. Nzoia hiyo hiyo kule Ruambwa, karibu na ziwa, ni 1EF01. Namba haina tahajia tatu.

Maji yanayohama lazima yawe na namba mbili, ya yalikotoka na ya yanakokwenda, katika mstari mmoja. Usidanganywe na tarakimu ya kwanza peke yake. Mradi wa bwawa la Nandi, unaozungumziwa kwa miaka mingi, ungechukua maji ya Yala na kuyapeleka uwanda wa Kano, katika bonde la Nyando. Yala ni 1F, Nyando ni 1G. Yote ni moja kwa anayesoma haraka, yote huishia Ziwa Victoria, lakini muulize mvuvi wa kinamasi cha Yala kama kwake ni mamoja.

Halafu mahali penyewe. Simu yako inaweza kukuambia ulipo, nawe nakili tarakimu zote, lakini andika na mfumo wa vipimo ulioutumia. Ramani nyingi za zamani za nchi hii zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Simu inatumia WGS84. Ukichukua tarakimu za moja ukazisoma kwa mwingine, unahama karibu mita 300 bila kunyanyua mguu. Sokoni mita 300 si kitu, ni kutoka kwa muuza ndizi hadi kwa muuza mitumba. Juu ya mgongo wa kilima, mita 300 zinatosha kukutoa katika bonde la Nzoia na kukuweka katika bonde la Suam, na mfereji wako ukaonekana haukuvuka lolote.

Anakwenda wapi

Watu wengi huandika hapa jina la mji, kisha wanapumzika. Mji si mwisho wa maji. Mji ni mahali maji yanapobadilisha nguo. Fuata hadi yanakotokea.

Mfano ulio karibu nasi ni Eldoret. Mji ule hunywa maji ya Moiben kutoka bwawa la Chebara, huko Elgeyo Marakwet. Moiben ni mto wa Nzoia. Maji yakishatumika Eldoret huteremkia Sosiani, Sosiani huingia Kipkaren, na Kipkaren hurudi Nzoia chini zaidi. Hapo yamehama kijiji, hayajahama ukoo. Kipande cha mto kati ya Chebara na makutano hayo kimepungukiwa, na hilo liandikwe, lakini sisi wa huku chini tunarudishiwa sehemu, ikiwa imebeba sabuni.

Nairobi ni hadithi nyingine, na ndiyo hadithi kubwa ya kuhamisha maji katika nchi hii. Nairobi iko katika bonde la Athi. Maji yake mengi hutoka milima ya Aberdare, katika bonde la Tana: bwawa la Sasumua lilimalizika mwaka 1956, na lile la Ndakaini, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, mwaka 1994. Kisha likachimbwa handaki la kilomita 11.8 huko Murang'a, kuchukua maji ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyaingiza Ndakaini, likipangiwa mita za ujazo 140,000 kwa siku. Namba hizo ukizisoma redioni zinasikika kama ushindi wa ujenzi, na ni ushindi kweli. Mtoto wa Eastleigh anaoga kwa sababu yake. Lakini jaza fomu hadi chini. Maji hayo yakishatumiwa hupelekwa kwenye mabwawa ya majitaka ya Dandora, kule Ruai, kisha mto Nairobi, kisha Athi, Galana, Sabaki. Tone lililozaliwa liende kufia Kipini, kwenye mdomo wa Tana, linafia karibu na Malindi. Kipini imepoteza, Malindi imepata, na maji yenyewe yalipofika hayakuwa yale yaliyoondoka.

Sasa utaona kwa nini daftari la upande mmoja halifai. Aliye Tana akiandika "yametoka" na aliye Athi asiandike "yamefika", basi vipimo vya Athi vitaonyesha mto unaonenepa wakati wa kiangazi bila mvua. Mtaalamu atakayekuja baada ya miaka thelathini atakaa na vipimo hivyo akidhani ardhi imeanza kutoa chemchemi mpya. Atajenga juu ya chemchemi hizo. Zilikuwa bafu za Nairobi.

Ng'ambo ya mpaka, wenzetu wa Tanzania walitoa maji Ihelele, wilaya ya Misungwi, kwenye Ziwa Victoria, wakayapeleka Shinyanga na Kahama. Rais alizindua mradi huo mwaka 2009. Baadaye bomba likaendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Maji ya Tabora kwa asili yao huelekea Malagarasi, kisha Ziwa Tanganyika, kisha mto Kongo, kisha Atlantiki. Kwa hiyo kikombe cha chai pale Tabora kinaweza kuwa kimetoka Naili na kinakwenda Kongo. Ningependa kuiona fomu ya kikombe hicho, imejazwa vizuri, imetundikwa ukutani shuleni, watoto waifuate kwa kidole.

Idadi

Ndama ni mmoja, kila mtu anaelewa. Maji yana vipimo vingi, na hapa ndipo fomu nyingi hufa.

Mkongwe mwenye kibali cha enzi ya ukoloni atakuambia ana haki ya futi moja ya ujazo kwa sekunde. Mhandisi anasema mita za ujazo kwa sekunde. Shirika la maji linasema mita za ujazo kwa siku. Mkulima anasema bomba la inchi mbili, usiku kucha. Wote wanaweza kuwa wanasema kweli, na wote wakiandika tarakimu tupu bila kipimo chake, daftari limeharibika. Futi moja ya ujazo kwa sekunde ni karibu lita 28.3 kwa sekunde, ambazo kwa siku nzima ni karibu mita za ujazo 2,447. Mita moja ya ujazo kwa sekunde ni mita za ujazo 86,400 kwa siku. Mtu akisoma futi akadhani ni mita, ameugawa mto mara thelathini na tano. Andika tarakimu, andika kipimo chake, kila mara, hata kama jana uliandika hicho hicho, hata kama nafasi ni finyu.

Katika fomu yangu idadi ina nafasi tatu: kilichoruhusiwa, kilichotoka, kilichofika. Usikubali kuziunganisha. Kilichoruhusiwa ni karatasi ya ofisi. Kilichotoka ni mita iliyo kwenye mdomo wa bomba. Kilichofika ni mita iliyo mwisho wa bomba, na kati ya hizo mbili kuna bomba bovu, kuna mashamba, kuna watu wenye misumeno ya chuma. Daftari zenye nafasi moja huandika kilichoruhusiwa, mwaka baada ya mwaka, tarakimu ile ile, hata mwaka ambao mvua haikunyesha na bomba lilivuta upepo. Tarakimu isiyotikisika miaka kumi ni jina la bomba tu, haihesabu chochote.

Na mwisho wa matumizi uandikwe pia. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilichotegemea maji ya Nzoia kilifungwa mwaka 2009. Mtumiaji mkubwa akinyamaza, ukurasa wake usiachwe wazi kana kwamba bado anakunywa. Piga mstari, andika tarehe, andika maji yamerudi mtoni. Ng'ombe akifa tunamtoa kwenye hesabu ya boma.

Jambo moja zaidi kuhusu idadi, na hili naliombea kila niendapo. Sifuri ni habari. Maana ya sifuri ni kwamba nilikwenda, nikatazama, hakuna kilichopita. Nafasi tupu maana yake sikwenda, au nilikwenda sikuona, au niliona sikuandika. Ni vitu viwili tofauti kama njaa na kufunga. Vijana wa kompyuta wakikuta nafasi tupu huweka tarakimu ya ajabu, kama 9999 yenye alama ya kutoa mbele, kuonyesha kwamba hakuna kitu. Mwenzao asiyejua akija kupiga wastani, mto unakuwa umetiririka kurudi mlimani. Weka tarakimu yoyote mliyokubaliana, lakini andika maana yake juu ya ukurasa ule ule, na kando yake andika sababu: mita imeibwa, daraja limezibwa na magogo, msomaji yuko matangani.

Tarehe na saa

Wasomaji wa vipimo vya mito hutazama mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni. Nilipitia daftari la mzee mmoja anayesoma kipimo cha mto si mbali na kwetu, nikakuta kila ukurasa umeandikwa 3 na 11.

"Mzee," nikamwuliza, "hii 3 ni saa ngapi?"

"Si saa tatu, mwalimu. Jua likiwa pale."

"Kule ofisini wameisoma saa tisa za usiku."

Alinitazama kwa huruma kubwa. "Saa tisa za usiku niende mtoni kumtafuta nani?"

Saa yetu huanza jua linapochomoza na saa ya kompyuta huanza usiku wa manane, na kati yao kuna saa sita ambazo zimeharibu vipimo vingi kuliko mchwa. Sitaki mzee yule abadilishe saa yake. Ni saa nzuri, ni ya mababu, na jua linaikubali. Nataka aandike "saa 3 asubuhi", maneno mawili na tarakimu moja, na ofisi iweke mtu anayeelewa Kiswahili mahali tarakimu zinapoingizwa.

Siku nayo si kitu kidogo, hasa pale maji yanapohamishwa. Mwaka 2016 handaki lile la Murang'a lilizusha mabishano makali ya kisiasa. Ukiondoa siasa, swali lilikuwa moja: je, litachukua maji ya mafuriko tu, au litachukua na yale ya kiangazi ambayo mto unaishi kwayo? Swali kama hilo halijibiwi kwa wastani wa mwezi. Mwezi mmoja unaweza kuwa na siku tatu za gharika na siku ishirini na saba za mawe makavu, na wastani wake ukawa mto mzuri wa kupendeza. Mtu hanywi wastani. Andika kila siku, pande zote mbili: mto ulikuwa na kiasi gani juu ya mdomo wa handaki, na kiasi gani kilibaki chini yake. Hiki cha pili, kilichobaki, ndicho mwanamke wa chini atakachokiuliza akija na ndoo, na ndicho ambacho daftari nyingi hazina hata nafasi yake.

Asiye na pingamizi

Sheria haikulala kabisa. Kanuni za mwaka 2007 ziliweka vibali vya maji katika madaraja manne, A hadi D, na kazi zinazogusa mabonde mawili tofauti zikawekwa D, pamoja na zile za maji ya kimataifa. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016 mwenye kazi ya kutoa vibali hivyo ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kwa upande wetu wa Ziwa Victoria Kaskazini makao yake yako Kakamega. Kuna kamati za mabonde na kuna vyama vya watumiaji maji, watu wa kawaida wenye gambuti na malalamiko. Kwa hiyo mahali pa saini papo. Kinachokosekana mara nyingi ni saini ya upande wa pili iliyowekwa mapema.

Tazama Itare. Mwaka 2017 kazi ya bwawa ilikuwa inaendelea Kuresoi, ili maji ya mto Itare yapite handaki na kufika Nakuru. Itare huenda Sondu, na Sondu huzungusha mitambo ya Sondu-Miriu, megawati 60, kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Nakuru iko Bonde la Ufa, ambako maji huishia kwenye ziwa la chumvi. Watu wa chini, Kericho na Bomet, walilalamika kwamba mto wao unachukuliwa. Mwaka 2018 kazi ilisimama, mkandarasi kutoka Italia akiwa ameingia katika matatizo ya fedha. Malalamiko yale na fedha zile ni mambo mawili, nisiyachanganye. Lakini hebu fikiria meza ambayo juu yake pangekuwa na ukurasa mmoja: hizi ndizo siku za mwaka Itare hubakiwa na ziada, hiki ndicho mitambo inahitaji, hiki ndicho Nakuru inaomba, sahihi hapa na hapa. Watu wangegombana bado. Wangekuwa wanagombania tarakimu, na tarakimu inaweza kusogezwa kidogo huku na kule mpaka wote wanyanyuke. Hofu haisogezeki.

Lesotho ilitia saini mkataba na Afrika Kusini mwaka 1986, na tangu mwaka 1998 maji ya milima yake hupita kwenye mahandaki kuelekea Gauteng. Lesotho hulipwa kwa maji hayo. Sehemu ya malipo inahesabiwa kwa kile kinachopita, kwa hiyo pande zote mbili zinatunza mita kama watu wanaotunza mboni ya jicho. Sijasikia hoja bora ya kutunza kumbukumbu kuliko hiyo, na ningetamani Murang'a na Nairobi, Kuresoi na Nakuru, wakae hivyo.

Afya

Kibali cha ndama kilitungwa kwa sababu ya magonjwa, si kwa sababu ya wezi. Mto nao husafiri na abiria wake: mayai ya samaki, mbegu za gugu maji, konokono wa kichocho, udongo mwekundu. Andika maji yalikuwa na rangi gani na nini kilikuwa ndani yake siku yalipoondoka. Ukingoja hadi konokono waonekane kule yalikofika, utakuwa unauliza ndama aliambukizwa na nani wakati zizi zima linakohoa.

Daftari lenyewe

Tumia penseli. Wino ukilowa unakuwa mto wa pili. Tumia daftari lenye nakala ya kaboni. Nakala moja ibaki mtoni, moja iende ofisini, na kila jioni piga picha ukurasa kwa simu uitume kwa watu watatu wasioishi nyumba moja. Nimeona miaka saba ya vipimo iliyoliwa na mchwa katika stoo moja. Walianza na jalada wakala kwa utaratibu hadi Desemba. Ukikosea, usifute. Kata kwa mstari mmoja, uandike sahihi juu yake, ili anayekuja aone ulivyofikiri. Usiandike tena ukurasa mzima ili uwe msafi: daftari safi la mto lina maana kwamba liliandikwa nyumbani.

Mlipe msomaji kwa wakati. Akikaa miezi mitano bila kulipwa ataanza kusoma mto kutoka kitandani, na sitamlaumu, lakini mto wa kitandani haupandi wala haushuki.

Na daftari lisomwe na yeyote. Mama anayeteka maji chini ya mdomo wa bomba ana haki ya kufika, kufungua ukurasa wa leo na kuona mto wake ulichukuliwa kiasi gani kabla haujamfikia. Kama ofisi inaona aibu kumwonyesha, basi fomu imeshajibu.

Mzee yule wa saa tatu sasa anaandika "asubuhi" na "jioni". Katika mvua kubwa ya mwaka jana alikwenda mtoni saa kumi na moja, akakuta maji yamefunika nguzo ya kipimo yote. Angeweza kukadiria. Angeweza kuacha tupu. Nilipofika siku ya tatu aliniletea daftari chini ya koti, likiwa kavu, na kwenye mstari wa siku hiyo aliandika kwa penseli: "Saa 11 jioni. Nimefika. Kipimo hakionekani, kimezama. Nimepigilia msumari kwenye mti wa mkuyu, hapo maji yalipofika."

Tulikwenda na kamba, mvua ikiwa imetulia, tukapima kutoka msumari hadi kichwa cha nguzo. Sentimita 62. Akaandika hapo hapo kwenye ukingo wa ukurasa, akaweka tarehe ya siku tuliyopima, akanipa penseli nami nikatia saini.